Maisha ya Charles Kettering, Fundi wa Umeme wa Motokaa

Siku hizi motokaa nyingi zipitazo Kakoba, ziendazo katikati ya mji wa Mbarara na zile zishikazo njia ya Isingiro kuelekea makazi ya Nakivale, hazina tena mkono wa kuzungushia kioo cha dirisha. Dereva akiona vumbi la lori linakuja hubonyeza kitufe, na kioo hupanda chenyewe. Vumbi likipita hubonyeza tena, kioo hushuka. Jambo hili limekuwa la kawaida hata hakuna alistaajabiaye. Walakini ndani ya kitufe kile kidogo zimo elimu mbili zilizowasumbua mafundi wengi hapo zamani. Ya kwanza ni jinsi mota ndogo iwezavyo kufanya kazi kubwa kwa muda mfupi. Ya pili ni jinsi ya kuukata umeme kwa ghafula, pasipo cheche kuuunguza mtambo.

Mtu aliyezishika elimu hizo zote mbili na kuzitia ndani ya motokaa alikuwa Charles Franklin Kettering wa Marekani. Si yeye aliyebuni dirisha la umeme. Motokaa za kwanza zenye madirisha yanayojiendesha zilikuwa za Packard, mwaka 1940, nazo zilitumia nguvu ya mafuta yaliyosukumwa katika mirija. Lakini bila ya kazi ya Kettering motokaa isingekuwa na betri, dinamo na mota namna tuzijuavyo, na kitufe kile kisingekuwa na kitu cha kuamrisha. Maisha yake yafaa kusomwa na wanafunzi kwa sababu mbili: kwa ajili ya mema mengi aliyoyafanya, na kwa ajili ya jambo moja baya alilosaidia kulianzisha, ambalo liliwachukua watu karibu miaka mia kulizima.

Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876 katika shamba karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio. Baba yake, Jacob, alikuwa mkulima, na mama yake aliitwa Martha. Charles alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto watano. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye akili nyepesi, lakini alikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: macho yake hayakuwa mazuri. Akisoma kwa muda mrefu kichwa humwuma, na maandiko yakawa kama ukungu mbele yake.

Alipomaliza masomo ya sekondari hakuwa na fedha za kwenda mbele. Akawa mwalimu katika shule ndogo ya mashambani, akaanza kuweka akiba. Kisha akaingia chuo cha Wooster, na baadaye Chuo Kikuu cha Ohio State kilichoko mji wa Columbus, ajifunze uhandisi. Macho yakamshinda. Ilimbidi aache masomo na kurudi nyumbani, na kwa muda alidhani kwamba njia ya elimu imefungwa kwake kabisa.

Hakukaa bure. Alichukua kazi ya kuchimba mashimo na kusimamisha nguzo za simu katika wilaya ya nyumbani kwao. Kazi ile ya jembe na waya, katika jua na baridi, ilimponya macho kwa kuyapumzisha, nayo ikamfundisha umeme kwa mikono kabla hajaujua kwa vitabu. Katika kazi hiyohiyo akafahamiana na binti mmoja aliyeitwa Olive Williams, ambaye baadaye alikuwa mke wake. Ndipo akarudi chuoni mara nyingine. Wenzake waliokaa naye walimsomea vitabu kwa sauti, naye akasikiliza na kuweka moyoni. Mwaka 1904 akapata digrii ya uhandisi wa umeme, umri wake ukiwa karibu miaka 28, wakati wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha maliza zamani.

Mwaka ule ule aliajiriwa na kampuni ya National Cash Register katika mji wa Dayton, papo hapo Ohio. Kampuni hii ilitengeneza mashine za madukani za kuhesabia na kutunzia fedha. Mwuzaji alipouza kitu ilimlazimu kuzungusha mkono wa mashine ili droo ifunguke na hesabu iandikwe. Kettering aliambiwa aondoe mkono ule na kutia umeme mahali pake. Wahandisi wengine walikuwa wamekwisha piga hesabu na kuona haiwezekani. Mota yenye nguvu za kutosha, walisema, itakuwa kubwa kupita mashine yenyewe.

Kettering aliitazama kazi yenyewe kabla ya kuitazama mota. Aliona kwamba droo ya duka haifunguliwi mfululizo kutwa nzima. Hufunguliwa kwa sekunde moja, kisha mashine hupumzika. Mota ipashwayo moto na kazi kubwa huungua kwa sababu ya kukaa ndani ya kazi ile muda mrefu. Ikifanya kazi kwa muda mfupi na kupumzika haiungui, hata ikibebeshwa mzigo mara nyingi kupita ule ulioandikwa juu yake. Mtu mwembamba hawezi kutembea na gunia la mahindi kutoka Mbarara hadi Nakivale, lakini aweza kulitua kutoka katika lori na kuliweka mlangoni. Kwa fikira hii rahisi alitengeneza mota ndogo, na mwaka 1906 mashine ya fedha ya umeme ikawa tayari. Mwaka mmoja kabla, mwaka 1905, alikuwa amemwoa Olive.

Katika kampuni ile alikuwapo mkubwa mmoja, Bwana Edward Deeds, aliyependa sana motokaa. Deeds alikuwa na banda la farasi nyuma ya nyumba yake. Jioni na siku za Jumamosi yeye na Kettering, pamoja na vijana wachache wa kiwandani, walikutana bandani humo wakijaribu kuutengeneza vizuri umeme wa motokaa. Mwaka 1909 wakaanzisha kampuni yao, wakaiita Dayton Engineering Laboratories Company. Herufi za kwanza za jina hilo ndizo zilizotoa jina Delco, ambalo mafundi wa motokaa walilijua dunia nzima.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa ni moto wa kuwashia petroli ndani ya injini, na hapa ndipo ilipo elimu ya pili niliyoitaja. Umeme wa betri ni dhaifu, hauwezi kuruka kwenye ncha za plagi. Kwa hiyo hupitishwa kwanza ndani ya koili, yaani waya mwingi uliozungushiwa chuma. Umeme ukipita pale hujenga nguvu za sumaku. Sasa, umeme ule ukikatwa ghafula, sumaku ile huanguka mara moja, na katika kuanguka kwake huzaa umeme mkali wa maelfu ya volti katika waya wa pili mwembamba. Huo ndio urukao kwenye plagi. Lakini ukikatwa polepole, sumaku hushuka taratibu na cheche ya maana haipatikani. Yote hutegemea wepesi wa kukata.

Mitambo mingi ya siku zile ilitumia chombo kilichotetemeka kama nyuki, kikikata na kuunga umeme mara nyingi kwa kila mlipuko mmoja wa petroli. Cheche zilikuwa nyingi, na betri kavu zilikwisha upesi. Kettering akabuni rilei, yaani swichi inayosukumwa na sumaku, ikakata umeme mara moja tu, kwa upesi, wakati ule hasa unaotakiwa. Betri zikadumu sana. Bwana Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac huko Detroit, alipouona mtambo huo aliagiza maelfu kwa ajili ya motokaa zake. Baadaye rilei iliachwa, na kukata kukafanywa na vipande viwili vidogo vya madini vilivyofunguliwa na injini yenyewe, ambavyo mafundi wetu waliviita pointi, pamoja na kondensa ya kuzimisha cheche. Kwa miaka zaidi ya 60 karibu kila motokaa ya petroli duniani iliwashwa kwa namna hiyo, na hata leo wahandisi huuita mtambo huo kwa jina la Kettering. Wazee wetu waliokuwa wakisugua pointi kwa msasa mwembamba kando ya barabara za Ankole walikuwa wakishika kazi ya mikono yake.

Yafaa tueleze kidogo kwa nini kukata umeme ni kazi ngumu kuliko kuuunga. Vipande viwili vya madini vikigusana umeme hupita, na hakuna shida. Vikianza kuachana, umeme hautaki kusimama. Huruka katika nafasi ile ndogo ya hewa na kufanya moto mdogo mweupe, mkali hata kuyeyusha shaba na fedha. Mtu akifungua swichi polepole moto ule hukaa muda mrefu na kuila swichi. Mwingereza mmoja wa mji wa Newcastle, John Henry Holmes, ndiye aliyetoa dawa yake mwaka 1884. Alitia springi ndani ya swichi ya nyumbani, hata mkono wa mtu uwe mzito namna gani, springi huruka na kuvitenganisha vipande mara moja. Mlio ule tuusikiao tukizima taa ukutani ni mlio wa springi ya namna hiyo. Katika motokaa shida ni kubwa zaidi kwa kipimo kile kile cha umeme, maana umeme wa nyumbani hugeuka na kupita sifuri mara 100 katika kila sekunde, na hapo moto hupata nafasi ya kuzimika. Umeme wa betri huenda upande mmoja tu wala haupumziki.

Sasa turudi kwa Kettering. Zamani zile injini ya motokaa iliamshwa kwa hendeli. Dereva alishika chuma kilichopinda, akakiingiza mbele ya injini na kukizungusha kwa nguvu. Mara nyingine injini ilirudi nyuma kwa ghafula, na chuma kile kikampiga mtu na kumvunja mkono au taya. Husimuliwa kwamba mwaka 1908 Byron Carter, mtengenezaji wa motokaa aliyekuwa rafiki wa Leland, alisimama katika daraja la Belle Isle huko Detroit ili amsaidie mwanamke ambaye injini yake imezimika. Hendeli ilirudi ikamvunja taya, naye akafa baada ya siku si nyingi. Leland aliumia sana moyoni, akaamua kwamba motokaa zake zisiue watu tena kwa namna ile. Akamwomba Kettering msaada.

Wahandisi wakasema maneno yale yale ya zamani: mota ya kuzungusha injini baridi itakuwa kubwa kama injini yenyewe, na betri yake itahitaji gari la pili la kuibeba. Kettering alikwisha sikia maneno hayo katika habari ya droo ya duka. Injini haihitaji kuzungushwa siku nzima. Yahitaji kuzungushwa sekunde chache tu mpaka ishike. Mwezi wa Februari 1911 motokaa ya kwanza yenye stata yake ilionyeshwa kwa Leland, na katika motokaa za Cadillac za mwaka 1912 ikawa kitu cha kawaida. Mota ileile, injini ikisha kuamka, iligeuka dinamo na kuijaza betri. Swichi moja iliziunga betri nne kwa mfuatano zikatoa volti 24 za kuamshia, kisha ikazipanga upya zitoe volti 6 za taa na za kujazwa. Klabu ya motokaa ya Uingereza iliwapa Cadillac tuzo kubwa iitwayo Dewar kwa ajili ya kazi hiyo.

Faida yake ilikuwa kubwa kupita ilivyodhaniwa. Si mikono tu iliyookoka. Mtu asiye na misuli, mzee, na hasa mwanamke, aliweza sasa kuendesha motokaa peke yake bila ya kumngoja mwanamume wa kumpigia hendeli. Tena, motokaa ikapata betri ya kweli na dinamo ya kuijaza. Vitu vingine vyote vya umeme vilivyokuja baadaye, taa kali, honi, vifutio vya mvua, redio na madirisha, vilipanda juu ya msingi huo.

Tutazame basi lile dirisha la umeme. Mota yake ni ndogo, nayo imefungwa ndani ya mlango mwembamba. Imetengenezwa kwa fikira ya Kettering kabisa: hupandisha kioo kwa sekunde nne au tano, kisha hulala. Mtoto akichezea kitufe bila kuacha, mota hupata moto, na katika motokaa nyingi kipo kifaa kinachoukata umeme mpaka mota ipoe. Swichi yenyewe ina kazi tatu. Kwanza, igeuze njia ya umeme, maana umeme ukiingia upande huu wa mota kioo hupanda, na ukiingia upande ule kioo hushuka. Pili, ikate kwa wepesi, ndiyo sababu vipande vyake huruka kwa springi. Dereva mwenye kidole kizito akiwa na swichi iliyochoka, moto mdogo huvila vipande kidogo kidogo mpaka siku moja kioo hugoma, kwa kawaida siku ya mvua. Tatu, ikiachwa, ikisimamishe kioo hapo hapo. Kwa hiyo katika motokaa nyingi kitufe kikiachwa nyaya zote mbili za mota huungwa pamoja na mwili wa gari. Mota inayoendelea kuzunguka kwa kasi yake hugeuka dinamo kwa nukta moja na kujizuia yenyewe, kama baiskeli iliyoshikwa breki.

Kazi hii ya tatu si ya starehe. Watoto wamepata kuuawa kwa kubanwa shingo na kioo. Ndiyo maana siku hizi sheria za Marekani hutaka swichi iwe ya kuvutwa juu ili kioo kifunge, kwa kuwa mtoto akipiga goti au kukanyaga swichi ya kubonyeza aweza kukifunga kioo juu ya shingo yake mwenyewe. Na vioo vingi vipandavyo vyenyewe kwa mguso mmoja hurudi chini vikikutana na kitu. Hapa ndipo tuonapo kwamba swichi njema hupimwa zaidi kwa upesi wake wa kuacha.

Delco iliuzwa mwaka 1916, na baada ya muda ikawa sehemu ya General Motors. Kabla ya hapo na baada yake Kettering hakukaa kimya. Alitengeneza mtambo mdogo wa umeme kwa mashamba yaliyokuwa mbali na nyaya za umeme. Ulikuwa na injini, dinamo na betri za volti 32, ukaitwa Delco-Light. Nyumba ya mama yake huko Loudonville ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kupata taa zake. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alitengeneza ndege ndogo isiyo na rubani. Tangu 1920 hadi 1947 alikuwa mkuu wa utafiti wa General Motors. Katika miaka hiyo aliendeleza injini ya dizeli ya kuvutia treni, na treni iliyoitwa Pioneer Zephyr ilipoanza safari mwaka 1934 ilikuwa na injini ya kazi hiyo. Kwa jumla alipewa hati za uvumbuzi zaidi ya 180.

Pia alishindwa, na kushindwa kwake kulionekana na wote. Alitaka kutengeneza injini ya Chevrolet isiyotumia maji, ila ipozwe na hewa kupitia mapezi ya shaba. Mwaka 1923 motokaa 759 za namna hiyo zilitengenezwa. Zikapata moto kupita kiasi na kuharibika, na kampuni ikaziita zote zirudi. Kettering alitaka kujiuzulu, lakini mkuu wake, Alfred Sloan, alimkatalia. Jambo hili halikumdhuru mtu, nalo lilizimwa upesi. Laiti mengine yote yangekuwa hivyo.

Tumefika sasa penye sehemu nzito ya maisha yake. Injini za wakati ule ziligonga. Zikipanda mlima zilitoa mlio kama wa nyundo, zikapoteza nguvu. Kettering alimpa kazi ya kutafuta dawa kijana wake, Thomas Midgley. Baada ya miaka ya kujaribu vitu vingi, tarehe 9 Desemba 1921 Midgley aliona kwamba kiasi kidogo sana cha dawa iliyotengenezwa kwa madini ya risasi huuondoa mgongo ule kabisa. Mwezi wa Februari 1923 petroli yenye risasi ikaanza kuuzwa katika mji wao wa Dayton. Mwaka 1924 iliundwa kampuni ya Ethyl ili kuiuza dawa hiyo, na Kettering akawa rais wake wa kwanza. Katika jina hilo la biashara neno risasi halikutajwa.

Ubaya wa risasi haukuwa siri. Tangu zamani za Warumi watu walijua kwamba risasi ni sumu. Walijua pia, Kettering na Midgley wote wawili, kwamba pombe kali ikichanganywa na petroli huondoa mgongo. Lakini pombe ilihitajiwa kwa wingi, na mtu yeyote angeweza kuitengeneza. Dawa ya risasi ilitiwa matone tu, na haki yake ilikuwa mikononi mwa kampuni. Mwezi wa Oktoba 1924, katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano walipata wazimu kwa sumu ile wakafa, na makumi ya wengine wakaugua. Katika viwanda vingine pia watu walikufa. Mwaka 1925 kuuza kulisimamishwa. Madaktari walioitwa mbele ya serikali, miongoni mwao Dr. Alice Hamilton, mwanamke aliyejua magonjwa ya viwandani kuliko karibu kila mtu wa nchi yake, walionya kwamba moshi wa risasi utaenea kila penye motokaa. Kettering alikuwa upande wa wale walioitetea petroli hiyo. Kamati ilisema kwamba haikuona sababu ya kutosha ya kuikataza, na mwaka 1926 ikarudi vituoni.

Ikaenea dunia nzima. Risasi ilitoka katika moshi, ikatua njiani, mashambani na nyumbani, ikaingia katika damu ya watu. Watoto ndio waliodhurika zaidi, maana risasi huuharibu ubongo unaokua, na akili iliyopotea kwa namna hiyo hairudi. Marekani yenyewe iliikataza kabisa kwa motokaa za barabarani mwaka 1996. Nchi zetu zilichelewa zaidi. Mwezi wa Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dakar wakaazimia kuiacha, na mwanzoni mwa mwaka 2006 Afrika yote kusini ya Sahara, na Uganda ikiwamo, ilikuwa imeiacha. Kazi ya kuzihimiza nchi zilizobaki iliongozwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo makao yake ni hapo Nairobi. Nchi ya mwisho ilikuwa Algeria, mwezi wa Julai 2021. Kwa hiyo kitu kilichowashwa katika kituo kimoja cha petroli mwaka 1923 kilizimwa baada ya miaka 98. Wazee wengi wa Mbarara walivuta hewa ile utotoni mwao bila ya kuulizwa.

Si haki kumaliza habari zake hapo. Mwaka 1945 Kettering na Sloan walianzisha katika mji wa New York chuo cha utafiti wa ugonjwa wa kansa, kilichopewa majina yao wawili, nacho kimewafaa wagonjwa wengi hata leo. Mwaka uliofuata mkewe Olive alifariki. Yeye mwenyewe alifariki nyumbani kwake Dayton tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na umri wa miaka 82. Mji ulio jirani na Dayton huitwa Kettering kwa heshima yake, na mwaka 1998 chuo cha uhandisi cha mji wa Flint, Michigan, nacho kilipewa jina lake.

Je, tumhukumuje mtu huyu? Wengine watamhesabu kuwa shujaa tu, na wengine watamhesabu kuwa mkosaji tu. Nadhani wote wawili watakuwa wamesoma nusu. Yule aliyeuona udogo wa kazi ya droo ya duka, akaondoa hendeli iliyovunja mikono, ndiye yule yule aliyesikia onyo la madaktari na kusonga mbele. Akili yake haikupungua mwaka 1925. Kilichopungua ni kule kuwa tayari kusimama. Alijua kuliko mtu yeyote wa zama zake kwamba umeme usiokatwa upesi huunguza mtambo, wala hakuitumia elimu hiyo katika biashara yake mwenyewe.

Enyi wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa mafundi, wahandisi, wauza dawa, wakubwa wa serikali. Wako ndugu zetu waliosoma hapa zamani ambao tayari wanazishika kazi hizo. Mtaanzisha mambo mapya, na watu watawapigia makofi siku ya kuwasha. Fanyeni kwa juhudi, kama alivyofanya kijana mwenye macho mabovu aliyesomewa vitabu na wenzake. Lakini kabla ya kuwasha, ulizeni jambo hili litazimwaje likileta madhara, na ni nani atakayekuwa na mkono karibu na swichi. Na siku mtakapoletewa habari kwamba mtu anaumia, msingoje ushahidi mpaka vipande viyeyuke. Kateni mara moja, kisha mchunguze.